Ritifaa katika Vitenzi vya Kiingereza: Makosa ya Mara kwa Mara na Funzo Lake kwa Sarufi

1. Utangulizi

Ritifaa ni alama ndogo. Ni mkwaju mfupi unaoning'inia juu ya mstari, kati ya herufi na herufi. Anayeandika kwa haraka huisahau. Mwenye shaka huiweka popote, mradi ionekane. Hata hivyo, katika kitenzi cha Kiingereza alama hiyo hubeba mzigo mkubwa kuliko umbo lake, kwani ndiyo inayomjulisha msomaji kwamba kitenzi kisaidizi kizima kimebanwa na kubaki konsonanti moja au mbili tu. Asiyeiona alama hukikosa kitenzi, na aliyekikosa kitenzi ameikosa sentensi.

Mwanafunzi wa Kongo huikuta ritifaa katika lugha tatu. Huikuta katika Kiswahili sanifu, katika maneno kama ng'ombe na ng'ambo. Huikuta katika Kifaransa, lugha ya masomo yake, katika "l'école" na "j'ai". Mwishowe huikuta katika Kiingereza, katika "he's" na "don't". Kwa macho alama ni ile ile moja, lakini kazi zake ni tatu zisizolingana. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba makosa mengi ya wanafunzi hayatokani na uzembe, bali hutokana na kuichukua kanuni ya lugha moja na kuitia katika nyingine. Aidha, itaonyeshwa jinsi ritifaa, ikifundishwa vyema, inavyoweza kuwa mlango wa kuingilia katika sarufi ya kitenzi.

Jambo hili si la urembo wa maandishi peke yake. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na nyaraka nyingi za jumuiya hiyo huandikwa kwa Kiingereza. Vitabu vingi vya utabibu, vya madini na vya kilimo pia vimo katika lugha hiyo. Msomaji asiyetofautisha "can" na "can't" hupata maana iliyo kinyume kabisa na ile aliyoikusudia mwandishi. Katika maelekezo ya dawa au katika kifungu cha mkataba, kosa la namna hiyo halisahihishwi kwa kalamu nyekundu.

2. Asili ya alama

Jina la alama hii katika lugha za Ulaya limetoka katika Kiyunani, kwa maana ya kugeuzia kando: herufi imegeuziwa kando, imeondolewa, na alama imewekwa mahali pake. Nchini Ufaransa, Geoffroy Tory, mwanachuoni na mchapaji wa Paris, alipendekeza matumizi yake katika kitabu chake Champ fleury cha mwaka 1529. Katika karne hiyo hiyo ya 16 wachapaji wa Uingereza waliichukua, nao wakaitumia kwa kazi ile ile ya kuonyesha herufi iliyodondoshwa.

Katika karne za 17 na 18 Waingereza waliidondosha irabu ya wakati uliopita pia, wakaandika "walk'd" na "lov'd" badala ya "walked" na "loved". Mwandishi Jonathan Swift hakupendezwa na ukataji huo. Mwaka 1712 alichapisha pendekezo la kukirekebisha Kiingereza, akalalamika humo juu ya vitenzi vilivyofupishwa hata konsonanti zikarundikana pamoja. Desturi hiyo ya kuandika "walk'd" ilikuja kukoma katika nathari, lakini "don't" na "can't", ambazo pia zilichukiwa na baadhi ya wasomi, zilibaki.

Historia hii ina funzo. Hata wenye lugha hawakukubaliana upesi juu ya mahali pa ritifaa. Kiwakilishi cha umilikishi "its" kiliandikwa na wengi "it's" katika karne za 17 na 18, kabla ya umbo lisilo na ritifaa kuthibitika. Lewis Carroll, aliyekuwa mwalimu wa hisabati huko Oxford, aliandika "ca'n't", "wo'n't" na "sha'n't" kwa ritifaa mbili, akitoa hoja mwaka 1893 kwamba kila mahali palipodondoshwa herufi pastahili alama yake. George Bernard Shaw alielekea upande wa pili: katika tamthilia zake aliandika "dont" na "wont" bila alama yoyote. Lakini hata yeye aliiacha ritifaa pale ambapo neno lingechanganyika na jingine, kama "he'll" ambalo bila alama husomeka "hell", yaani jehanamu. Basi mwanafunzi anayekosea asidhani kwamba ana upungufu wa akili. Anasumbuliwa na jambo lililowasumbua mabingwa.

3. Alama moja, kanuni tatu

Katika Kiswahili ritifaa ya ng' haionyeshi kwamba kuna kitu kilichoanguka. Ni sehemu ya herufi yenyewe. Sauti ya mwanzo wa ng'oa, yaani kutoa kitu kilichopandwa ardhini, si sauti ya mwanzo wa ngoa, yaani tamaa au wivu. Ritifaa ndiyo inayozitenga. Ni kweli kwamba washairi huandika "n'tafika" kwa "nitafika" ili kupata mizani, na hapo alama huonyesha irabu iliyodondoshwa. Lakini hiyo ni ruhusa ya ushairi, wala si kawaida ya nathari.

Katika Kifaransa ritifaa huonyesha udondoshaji, na udondoshaji huo una sifa mbili. Kwanza, ni wa lazima. Hakuna anayeruhusiwa kuandika "je ai". Ni "j'ai" tu, katika barua kwa rafiki na katika hukumu ya mahakama vilevile. Pili, irabu inayoanguka karibu kila mara ni ya mwisho wa neno la kwanza. Kwa hiyo alama husimama pale pale maneno mawili yanapokutana: "l'eau", "d'accord", "qu'il".

Katika Kiingereza sifa zote mbili hugeuka. Kwanza, ufupisho ni wa hiari. "It is" na "it's" zote ni sahihi. Kinachozitenga ni mahali pa matumizi. Umbo fupi ni la mazungumzo, barua za kirafiki na hadithi. Umbo kamili ni la tasnifu, barua za ofisi na sheria. Pili, herufi inayoanguka ni ya neno la pili, si ya la kwanza. Katika "he's" imeanguka "i" ya "is". Katika "they're" imeanguka "a" ya "are". Katika "don't" imeanguka "o" ya "not", nayo haiko mwanzoni mwa neno hilo bali katikati yake.

Tofauti hizo mbili, ya hiari na ya mahali, ndizo chanzo cha makosa mengi yanayofuata.

4. Makosa ya mara kwa mara

4.1. Ritifaa kuwekwa kwenye mpaka wa maneno. Wanafunzi wengi huandika "do'nt", "did'nt", "is'nt", "have'nt". Kosa hili lina mantiki yake. Mwandishi anajua kwamba maneno ni mawili, "did" na "not", na Kifaransa kimemzoesha kuweka alama pale yanapokutana. Dawa yake ni swali moja: ni herufi gani iliyoanguka? Ikiwa ni "o", alama ikae mahali pa "o", kati ya "n" na "t". Kanuni hii inatosha kwa "doesn't", "wasn't", "couldn't" na wenzao wote. Maneno machache tu ndiyo yaliyo magumu zaidi. "Won't" halitokani na umbo la sasa la "will", bali na umbo la kale lililokuwa na "o". "Shan't" limepoteza "ll" pamoja na "o", lakini desturi imeliachia alama moja tu.

4.2. Ritifaa kutiwa katika kiambishi. Husomeka "he want's", "she speak's", "my father work's". Hapa mwandishi ameona "he's" na "she's", akadhani kwamba kila "s" inayofuata nafsi ya tatu hudai alama. Lakini "s" ya "wants" ni kiambishi cha nafsi ya tatu umoja katika wakati uliopo. Ni mali ya kitenzi, kama vile "a-" ya "anataka" ilivyo mali ya kitenzi cha Kiswahili. Hakuna neno lililobanwa humo, wala herufi iliyoanguka. Palipo na kiambishi hapana ritifaa. Palipo na kitenzi kisaidizi kilichobanwa hapakosi ritifaa.

4.3. Maneno yanayosikika sawa. Jozi zinazojulikana ni "it's" na "its", "you're" na "your", "they're" na "their", "who's" na "whose". Katika kila jozi neno la kwanza lina kitenzi ndani yake, na la pili ni la umilikishi. Utata huongezeka kwa sababu nomino za Kiingereza huonyesha umilikishi kwa ritifaa, kama "the teacher's book", kitabu cha mwalimu. Mwanafunzi huona ni haki "its" nayo ipate alama. Hata hivyo, "his", "hers", "ours" na "theirs" hazina ritifaa, na "its" ni ndugu yao. Jaribio ni jepesi: neno lifumbuliwe. Ikiwa "it is" au "it has" inaleta maana katika sentensi, ritifaa iwepo; la sivyo, isiwepo.

4.4. Ritifaa kuachwa. Kuandika "dont" au "didnt" hakumpotezi msomaji, ijapokuwa ni kosa. Lakini kuna maneno ambayo alama ikiachwa huzaa neno jingine lenye maana yake: "we're" huwa "were" (walikuwa), "we'll" huwa "well" (vema, au kisima), "she'll" huwa "shell" (ganda), "I'll" huwa "ill" (mgonjwa), "she'd" huwa "shed" (kibanda). Vivyo hivyo "let's go" ni mwaliko, twende, nayo imetoka katika "let us". Ilhali "he lets them go" maana yake ni "anawaacha waende". Kosa hili limeongezeka tangu watu walipozoea kuandika ujumbe mfupi kwenye simu, ambako alama huonekana kuwa usumbufu tu.

4.5. Ufupisho mahali usiporuhusiwa. Kwa swali "Are you ready?" mwanafunzi hujibu "Yes, I'm." Kwa kuwa Kifaransa kimemfundisha kwamba udondoshaji ni wa lazima, huona kwamba "I am" ni kosa. Katika Kiingereza kitenzi kisaidizi hakibanwi kinapokuwa mwisho wa sentensi, kwa sababu hapo hubeba mkazo. Yapasa kusemwa "Yes, I am", na pia "I know where he is", si "where he's". Ukanushi hauzuiliwi na sharti hili: "No, I can't" ni sahihi, kwani "n't" huambatana na kitenzi kisaidizi bila kukinyima mkazo wake.

4.6. "Would of" na "could of". Kosa hili la kuandika "of" badala ya "'ve" ni la wenye lugha kuliko la wageni. Waingereza na Wamarekani huisikia "would've" utotoni kabla ya kuiona kwenye karatasi, na sauti yake inafanana na ya "would of". Mwanafunzi wa Kongo, ambaye kwa kawaida huanza na kitabu, huokoka hapo. Ni vema ajue hivyo, ili aone kwamba kuzaliwa ndani ya lugha si kinga dhidi ya makosa.

5. Kilichofichwa nyuma ya alama

Ugumu mkubwa zaidi haumo katika kuandika bali katika kusoma. Umbo moja fupi linaweza kuficha vitenzi visaidizi viwili. "'s" huweza kuwa "is" au "has", na "'d" huweza kuwa "had" au "would". Msomaji hawezi kujua kwa kuitazama alama tu. Sharti atazame neno linalofuata.

Ikiwa neno linalofuata lina "-ing", "'s" ni "is": "she's writing", anaandika. Ikiwa ni umbo timilifu kama "written" au "been", mara nyingi "'s" ni "has": "she's written", ameandika. Ikiwa ni sifa, ni "is": "he's tired", amechoka. Kwa upande wa "'d", umbo timilifu huonyesha "had": "he'd gone", alikuwa ameshakwenda. Shina tupu la kitenzi huonyesha "would": "he'd go", angekwenda. Hapa tofauti ni kubwa, kwani sentensi ya kwanza inasimulia jambo lililotokea, na ya pili inataja jambo ambalo lingetokea. Mwanahistoria akizichanganya, atamfanya mtu kuwa ametenda jambo aliloliwaza tu.

Zipo sentensi ambazo utata haumaliziki kwa njia hii. "She'd read the letter" inaweza kuwa "alikuwa ameisoma barua" au "angeisoma barua", kwa sababu "read" haibadiliki katika maandishi. Hapo muktadha ndio hakimu.

Tena kuna hatari nyingine. Anayejifunza "doesn't" kama neno moja lisilo na viungo hawezi kuona kwamba ndani yake mna "does", na kwamba kiambishi "s" kimekwisha kuhamia huko. Ndipo huandika "he doesn't goes". Kadhalika asiyeiona "did" ndani ya "didn't" huandika "he didn't went", akiutaja wakati uliopita mara mbili. Makosa haya mawili huhesabiwa kuwa ya vitenzi, nayo husahihishwa kama ya vitenzi, lakini mzizi wake umo katika ufupisho uliokaririwa bila kufumbuliwa.

Msemaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kuangukia hapo. Katika lugha yake kitenzi hukusanya yote katika neno moja: katika "hasomi" mna ukanushi, nafsi, shina na wakati, bila nafasi kati yake wala alama. Akisikia "he's reading" na kuilinganisha na "anasoma", huona "'s" kama kiambishi fulani tu cha kati, kilicho chepesi, kinachoweza hata kuachwa. Ndiyo maana hupatikana "he reading" katika daftari nyingi. Lakini "'s" hiyo ni kitenzi. Huweza kusimama peke yake, huweza kutangulia mbele katika swali ("Is he reading?"), na huweza kukanushwa.

6. Njia ya kufundisha

Kutokana na hayo yaliyoelezwa, njia inayofaa yaweza kupangwa katika hatua nne.

Kwanza, umbo kamili lifundishwe kabla ya umbo fupi. Mwanafunzi asipewe "don't" kabla hajaimiliki "do not". Atakapoifupisha mwenyewe, kwa kuifuta "o" ubaoni na kuweka alama mahali pake, hataisahau.

Pili, pafanywe mazoezi ya kufumbua. Aya fupi ya mazungumzo iandikwe, na kila ufupisho urudishwe katika maneno yake kamili, pamoja na kueleza sababu: kwa nini hapa ni "has", wala si "is"? Zoezi hili huonekana la tahajia, kumbe ni la nyakati, hali na ukanushi.

Tatu, Kifaransa na Kiswahili visifukuzwe darasani. Mwalimu akiweka "j'ai", "I've" na ng'ombe katika mstari mmoja na kuuliza kila alama inafanya kazi gani, wanafunzi hugundua wenyewe kwamba alama zinafanana lakini kanuni zinatofautiana. Ujuzi wa lugha nyingi, ambao mara nyingi hulaumiwa kuwa chanzo cha makosa, hapo huwa chombo cha kuyatambua.

Nne, katika tasnifu na barua rasmi mwanafunzi ashauriwe kuandika maumbo kamili. Hivyo atafuata desturi ya maandishi ya kitaaluma, na wakati huo huo atajiepusha na nusu ya mitego iliyotajwa. Ushauri huu, hata hivyo, usigeuzwe kuwa njia ya kulikwepa somo, kwa maana anayeweza kujizuia asiandike "he'd" hawezi kuwazuia wengine wasimwandikie.

Mwalimu naye ana wajibu wake. Kuizungushia "did'nt" duara jekundu na kupunguza alama hakumfundishi mtu kitu. Mwanafunzi huona kwamba amekosea, asione kwa nini. Kesho ataiweka ritifaa kwingine kwa kubahatisha. Neno moja la maelezo, yaani "o imeanguka wapi?", hufaa kuliko duara kumi.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba ritifaa ya vitenzi vya Kiingereza haiongozwi na kanuni ya Kifaransa, ambako udondoshaji ni wa lazima na hutokea mwisho wa neno la kwanza. Wala haiongozwi na kanuni ya Kiswahili, ambako alama ni sehemu ya herufi. Ni alama ya herufi iliyoanguka katika neno la pili, kwa hiari ya msemaji, na nyuma yake daima pana neno kamili. Anayekumbuka jambo hilo moja atajisahihishia makosa mengi bila kukariri orodha ndefu.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe ni mwembamba kama mkwaju wa ritifaa, lakini unapitia katikati ya kitenzi, na kitenzi ndicho nguzo ya sentensi. Kuuziba mapema, katika madarasa ya kwanza ya Kiingereza, ni kazi ya saa chache. Kuungoja hadi mwaka wa kuandika tasnifu ni kumtwisha mwanafunzi ujenzi wa ukuta mzima wakati ambao angepaswa kuwa anaezeka paa.